Ndege wa Kumi na Nane

Mbuzi huhesabiwa mara mbili: wakiingia na wakitoka. Hesabu zikilingana, funga lango uende ukanywe chai. Zisipolingana, usigawanye katikati, na usijiambie kwamba umechoka. Kuna mbuzi mahali. Labda kuna kitoto kimejificha chini ya tumbo la mamake, labda kuna mtu amekuuzia kumi na tisa huku akiimba ishirini. Kazi hii niliifanya Kitengela miaka ya tisini yote na kipande kizuri cha ile iliyofuata. Nilinunua mbuzi upande wa Kajiado, nikawauzia wenye bucha kando ya barabara ya Namanga, na sijawahi kujuta kuhesabu mara ya pili. Mke wangu husema hata siku ya harusi yetu, kwetu Machakos, nilihesabu wageni wakiingia kanisani na wakitoka. Ni kweli. Walitoka wengi kuliko walioingia, kwa sababu pilau ilikuwa imeanza kunukia.

Kwa hivyo ndege hawakunipata kwa uzuri wao. Walinipata kwa hesabu.

Siku moja nilikuwa nimepumzisha mbuzi kando ya silanga, lile bwawa la kunyweshea mifugo lililokuwa nyuma ya boma la mzee mmoja Mmaasai, kati ya Kitengela na Isinya. Mzee huyo tulijuana; tulikuwa tumebishana bei kwa miaka. Hatua chache kutoka nilipokaa alisimama mama mmoja mwenye kofia pana na darubini, akihesabu bata kwa sauti. Alifika mia moja na kitu, bata wakahama, akaguna, akaanza tena. Mara ya tatu nikashindwa kuvumilia.

"Mama, ni mia moja na kumi na wanne."

Akanigeukia na ile sura ya mtu aliyezoea kuuliza nani anapiga kelele huko nyuma. "Umehesabu saa ngapi?"

"Wakati ulikuwa unaanza upya."

"Hesabu tena."

"Nimeshahesabu tena."

Alikuwa mwalimu wa bayolojia aliyestaafu, mkaazi wa Ngong, na pamoja na wenzake alizunguka kwenye mabwawa kuhesabu ndege wa majini. Kuanzia siku hiyo nikawa mhesabuji wake wa upande wa Kitengela. Aliniletea kitabu cha ndege chenye picha, na darubini kuukuu. Jicho moja la darubini lilikuwa zima, lingine lilikuwa na ukungu. Nikamwambia jicho moja ni nusu bei. Akasema ni bure. Nikaipokea kwa mikono miwili.

Ni Mwalimu aliyenieleza kile ambacho watu hawa wa ndege hukitamani kuliko vyote. Si ndege mkubwa wala ndege wa rangi. Ni ndege aliyepotea. Yule ambaye, kwa haki, angepaswa kuwa nchi nyingine kabisa, lakini upepo ulimsukuma au kichwa chake mwenyewe kilimdanganya, akatua mahali ambapo hakuna anayemfahamu. Ukimwona, unajaza fomu. Fomu inaenda kwa kamati Nairobi. Kamati ikikubali, ndege anaingia kwenye orodha ya nchi, na kando yake jina la aliyemwona. Mimi jina langu lilikuwa halijawahi kuchapishwa mahali popote isipokuwa kwenye kibali cha kusafirisha mifugo, na hata huko walikuwa wameliandika vibaya.

"Lakini kuna sheria," Mwalimu akasema. "Unaandika hapo hapo, ukiwa unamtazama. Kabla ya kufungua kitabu. Ukifungua kitabu kwanza, macho yataanza kuona picha badala ya ndege."

Nikasema nimeelewa. Mwaka haukuisha kabla sijaonyesha kwamba sikuwa nimeelewa hata kidogo.

Ilikuwa asubuhi, hapo nilipokuwa nikifungia mbuzi wangu karibu na soko. Walikuja wale ndege weupe wanaofuata ng'ombe, yangeyange, kama kawaida. Mmoja wao alikuwa na tumbo la zambarau. Si zambarau ya kukisia. Zambarau iliyoiva, kuanzia kifuani hadi mapajani, na miguu yote miwili. Nikakimbilia kitabu. Nikapekua kurasa za ndege weupe, nikapekua kurasa za ndege wa zambarau, nikarudi mwanzo nikapekua zote tena. Hakuwemo. Mtu mwenye akili angeuliza swali. Mimi nikakata shauri kwamba nimeona ndege ambaye duniani hajaonwa na mtu.

Nikajaza fomu kwa herufi kubwa. Nikampelekea Mwalimu Ngong kwa mkono wangu. Yeye akaisoma, akaniangalia, akaisoma tena, na Jumapili akaja Kitengela pamoja na mtu mmoja wa kamati, mwanamume mwembamba asiyependa maneno.

Ndege alikuwepo. Hilo angalau lilikuwa kweli. Alikuwa amesimama juu ya mgongo wa mbuzi, akidonoa inzi. Mbuzi alikuwa wangu. Na juu ya mgongo wa mbuzi kulikuwa na mistari miwili ya ile dawa ya zambarau ya kupulizia vidonda, kwa sababu hiyo ndiyo alama niliyowawekea mbuzi wangu wote wasichanganyike na wa wengine. Kila mchuuzi alikuwa na rangi yake. Zambarau ilikuwa yangu. Nilikuwa nawapulizia kila asubuhi, na ndege walikuwa wakipanda na kujilaza juu yao kabla dawa haijakauka.

Yule mwembamba alisogea karibu. Alimtazama ndege. Akamtazama mbuzi. Kisha akatazama vidole vyangu. Vilikuwa zambarau hadi kwenye kiganja.

"Mwalimu," akasema hatimaye, "na huyu naye tumwandike kama aina mpya?"

Wachuuzi wenzangu walikuwa wamesimama kwenye ua wakisikiliza. Kufikia saa sita mchana jina langu lilikuwa Zambarau. Kufikia Jumatano lilikuwa limefika Kajiado kabla yangu. "Zambarau, leo umeona kuku wa bluu?" "Zambarau, kuna punda ako na milia huku, njoo uandike!" Hata mke wangu, akinituma dukani, alianza kusema ninunue sabuni yoyote ile isipokuwa ya zambarau, nisije nikaifuata porini.

Hayo niliyazoea. Kilichoniuma ni alichosema Mwalimu. Alichukua kitabu chake akakitia kwenye mkoba. "Kitabu kimekuharibia macho," akasema, bila hasira. "Utaendelea kuhesabu, hakuna anayehesabu kama wewe. Lakini ukiona kitu kigeni, lazima mtu mwingine akione pia. Neno lako peke yake siwezi kulipeleka."

Fikiria hilo kwa mtu wa kazi yangu. Nilikuwa nauza mbuzi kwa watu ambao hawajamwona mbuzi mwenyewe, kwa neno langu tu kwamba ana meno yote na hakohoi. Neno langu lilikuwa linakubalika kwenye bucha zote za barabara ya Namanga. Lakini mbele ya ndege mmoja, halikutosha.

Nikahesabu bata. Miaka ikapita, nikihesabu bata.

Kisha ikaja mvua ya El Niño. Wanaoikumbuka wataikumbuka kwa madaraja na matope. Mimi naikumbuka kwa silanga la yule mzee, ambalo lilijaa likamwagika, likageuza malisho kuwa tope jembamba linalong'aa hadi karibu na ua wa boma lake. Ndege wa matopeni wakaja kwa wingi ambao sijauona tena. Wengi walikuwa wale wa kawaida, wa kahawia, wenye shingo ndefu, ambao huja kila mwaka kukimbia baridi ya Ulaya na Urusi.

Jumatano moja asubuhi niliwahesabu hao wa kahawia kutoka kushoto kwenda kulia. Kumi na saba. Nikahesabu kutoka kulia kwenda kushoto. Kumi na wanane.

Nikaketi kwenye jiwe nikatulia, jinsi unavyotulia mbele ya zizi lenye kitoto kimoja kilichojificha. Baada ya muda akatoka nyuma ya mwenzake. Alikuwa mdogo kuliko wengine, shingo fupi. Kifua chake kilikuwa na michirizi mingi ya kahawia, halafu michirizi ikakatika ghafla, mstari mmoja, kama imekatwa kwa makasi, na chini yake tumbo jeupe pe. Ungedhani amevaa aproni ya mwenye bucha. Miguu yake ilikuwa na rangi ya ndizi inayoanza kuiva.

Nikatazama vidole vyangu kwanza. Safi. Nikatazama mbuzi wangu walikuwa wapi. Hapakuwa na mbuzi. Ndipo nikatoa kibali cha mifugo mfukoni, nikakigeuza, nikaandika kila kitu nyuma yake, nikiwa namtazama. Mwishoni nikaongeza: Zambarau, hakuna popote.

Nikaenda hadi kibanda cha simu Kitengela, nikajaza sarafu.

"Mwalimu, kuna mgeni."

"Rangi gani?"

"Kahawia."

"Na mbuzi wako wapi?"

"Wiki hii sijanunua hata mmoja. Mikono ni safi."

"Usiniambie anaitwa nani."

"Sijui anaitwa nani."

"Vizuri. Umeandika?"

"Hapo hapo, Mwalimu."

Nikamsikia akivuta pumzi. "Gari liko gereji hadi Ijumaa. Nitakuja Jumamosi. Mfanye akae."

"Nitamfanyaje akae? Huyu ni ndege."

"Si wewe ni mtu wa biashara? Ongea na anayehusika," akasema, na sarafu zikaisha.

Anayehusika alikuwa mzee. Kila siku saa sita ng'ombe wake walishuka kunywa maji upande ule ule wa tope, na wakishuka wao, kila chenye mabawa kiliruka. Siku moja au mbili za hivyo, na mgeni wangu angetafuta nchi nyingine ya kupotelea. Nikamkuta mzee mlangoni pa boma, shuka limefunika mabega.

"Sopa, mzee," nikamsalimu kwa Kimaasai.

"Ipa."

Nikamweleza. Akasikiliza hadi mwisho.

"Huyo ndege analiwa?"

"Haliwi. Ni kama ngumi ya mtoto."

"Anauzwa?"

"Hauzwi."

"Analeta mvua?"

"Mvua yenyewe si unaiona, mzee."

"Basi wewe Mkamba unatetemeka nini?"

Nikamwambia habari ya zambarau. Alikuwa anaijua, Kajiado nzima iliijua, lakini hakuwa ameisikia kwa mdomo wangu. Alicheka hadi akashikilia fimbo kwa mikono miwili. Kisha akanitazama vizuri.

"Kwa hivyo hao watu wa Nairobi wanasema wewe ni mwongo."

"Hawasemi hivyo, mzee. Wanasema lazima kuwe na mtu mwingine."

"Ni hiyo hiyo." Akatema mate kando. "Nitapitisha ng'ombe upande wa juu hadi huyo mwanamke wa kofia aje. Ni mbali, na vijana watalalamika. Utanipa nini?"

Nikafungua mdomo nitaje kitu kidogo, ndipo tupande polepole. Akainua mkono.

"Hapana. Sitaki kitu chako. Siku ya soko inayokuja nitaleta mbuzi sita. Bei nitakayotaja, utasema sawa. Neno la kwanza. Hakuna kushika kiuno, hakuna kuondoka ukirudi, hakuna 'mzee unaniua'. Sawa tu."

Nilitembea hadi kwenye ua nikarudi. Katika maisha yangu yote nilikuwa sijakubali bei ya kwanza, hata ya nauli, hata ya jeneza la babangu, Mungu amrehemu, ambaye angenifufukia kama ningekubali. Nilitazama upande wa silanga.

"Sawa," nikasema.

"Unaona?" mzee akasema. "Inatoka."

Alhamisi nilienda mara mbili. Kumi na wanane. Ijumaa mara mbili. Kumi na wanane. Ng'ombe walipita upande wa juu, na vijana walilalamika kweli.

Jumamosi saa mbili asubuhi likaja gari la Mwalimu, limepakwa tope hadi madirishani. Akashuka yeye, na baada yake akashuka yule mwembamba wa kamati na darubini kubwa ya miguu mitatu. Tukasalimiana. Macho yake yalienda kwenye vidole vyangu kabla ya kunipa mkono.

Akaweka darubini, akatazama polepole kutoka kushoto hadi kulia. "Kumi na saba," akasema. "Wote ni wale wa kawaida."

Nikahesabu kutoka kushoto. Kumi na saba. Hata mmoja wao hakuwa na aproni.

"Labda ameenda," Mwalimu akasema kwa upole, na ule upole ulinikata kuliko kucheka.

"Ngojeni." Nikasogea hadi mwisho wa tope, nikahesabu kutoka kulia. Niliguna nilipofika mwisho. "Wanane. Kumi na wanane."

"Umehesabu mmoja mara mbili," akasema mwembamba.

"Ndugu, mimi huhesabu wote mara mbili. Ndiyo sababu najua."

"Basi hesabu ya tatu iamue."

"Ya tatu ni ya watu wasiojiamini. Hizi mbili zimetofautiana, kwa hivyo kuna mmoja amejificha. Nipe darubini."

Sijui ni nini kilichomfanya anipishe. Tope lote lilikuwa limejaa mashimo ya kwato za ng'ombe, mengine yenye kina cha bakuli. Nikapitia shimo moja baada ya jingine, kama vile ungepitia matumbo ya mbuzi mmoja mmoja ukitafuta kitoto. Kwenye la tano au la sita, upande wa kulia, kulikuwa na kipande cha mgongo wa kahawia. Kutoka kushoto usingekiona hata ukilia. Nikaacha darubini ikielekea hapo hapo, nikarudi nyuma.

"Mwalimu, tafadhali."

Aliinama. Tukasubiri. Nilijua ndege ametoka shimoni, kwa sababu mabega ya Mwalimu yaliacha kusonga. Alikaa hivyo kwa muda mrefu. Kisha, bila kuinuka, akanyoosha mkono nyuma.

"Karatasi yako."

Nikampa kile kibali. Akampisha mwembamba kwenye darubini, akaanza kusoma kwa sauti ya darasani.

"Mdogo kuliko wenzake, shingo fupi."

"Ndiyo," akasema mwembamba, jicho kwenye kioo.

"Michirizi kifuani, inakatika ghafla kwa mstari mmoja. Tumbo jeupe. Kama aproni."

"Ndiyo. Kama aproni kabisa."

"Miguu, ndizi inayoanza kuiva."

"Ndiyo."

"Zambarau, hakuna popote."

Yule mtu asiyependa maneno akacheka hadi darubini ikatikisika. "Ndiyo," akasema. "Nathibitisha. Hakuna popote."

Mwalimu hakuwa amemaliza. "Kitabu ulikifungua saa ngapi?"

"Kitabu unacho wewe, Mwalimu. Ulikichukua."

Nilimwona akirudi nyuma miaka ile yote, hadi siku alipokitia kwenye mkoba. Hakuna mtu duniani angeweza kusema nimenakili picha. Akafungua mkoba, akakitoa kitabu kile kile, akapekua hadi ukurasa mmoja mwishoni, mahali pa wageni waliopotea, akanigeuzia. Alikuwepo, na aproni yake. Mwalimu akanieleza kwamba huzaliwa kaskazini kabisa ya dunia, mahali ambapo hata miti haioti, na kwamba wakati huo alipaswa kuwa Amerika Kusini na wenzake. Badala yake alikuwa amesimama ndani ya shimo la kwato, chini ya boma la mzee.

Mzee mwenyewe alikuwa ameshateremka. Tukampa nafasi kwenye darubini. Akatazama.

"Ndiye huyu aliyezungusha ng'ombe wangu siku tatu?"

"Ndiye, mzee."

"Hata nyama hana." Akainuka, akamwendea yule mwembamba hadi fimbo ikagusa kiatu chake. "Sasa niambie. Huyu Mkamba ni mwongo, au si mwongo?"

"Si mwongo, mzee."

"Sema kwa nguvu. Niko na masikio ya uzee."

"SI MWONGO!"

Ndege wote kumi na wanane wakaruka. Wakazunguka silanga mara moja, wakatua tena. Nikahesabu. Sikuweza kujizuia.

Siku ya soko mzee alileta mbuzi sita, na alikuwa ametangaza. Wachuuzi walituzunguka kama tunapigana. Akataja bei. Ilikuwa bei ya fahali, si ya mbuzi. Watu wakapiga mluzi, wakanigeukia wasikie nitalia kwa sauti gani.

"Sawa," nikasema.

Mzee akangoja. Mimi nikangoja. Uso wake ukaanza kunyong'onyea.

"Sawa tu?"

"Sawa tu. Tulikubaliana."

"Hata husemi huyu ni kiwete?"

"Si kiwete."

Akazunguka mbuzi wake, akarudi, amekasirika kweli. "Hapana! Hivyo siuzi. Hii ni kama kumuuzia maiti. Zambarau, nimekufungulia ile ahadi. Sema kitu!"

"Mzee, unaniua!" nikapiga kelele, na soko zima likashangilia. Tulibishana hadi jua likasimama kichwani. Sikumbuki kubishana kulikonipendeza zaidi.

Jibu la kamati lilichukua miezi mingi. Kisha Mwalimu akaniletea Kitengela kijitabu cha kurasa chache. Kulikuwa na jina la ndege, refu kuliko ndege mwenyewe, kulikuwa na mahali, na kulikuwa na jina langu, limeandikwa bila kosa. Kwenye safu ya idadi kulikuwa na moja. Nilimpelekea mzee, ambaye hakusoma, lakini alitaka kuonyeshwa jina ni lipi na silanga ni lipi, akaweka kidole gumba kwenye kila moja. Pale sokoni waliendelea kuniita Zambarau. Lakini sasa wengine walikuja pembeni, wakinong'ona: Zambarau, kuna kitu nimeona kule Isinya, sijui kama ni kitu.

Silanga hilo siku hizi limezungukwa na ploti zenye mawe ya mipaka, na simu zimeingia mifukoni mwa kila mtu. Mara ya kwanza nilipoitumia yangu kwa kazi hii, nilikuwa nimesimama kwenye ukingo wa tope lile lile, mvua imepita, mbele yangu kuna ndege ambaye hakuwa na haki yoyote ya kuwa Kajiado.

Nikampigia Mwalimu. Nikamsomea nilichoandika, mstari kwa mstari. Nikamuuliza atakuja lini, ili niongee na mwenye ng'ombe.

"Umehesabu?" akauliza.

"Mara mbili."

Nikasikia kalamu ikitafutwa mezani kule Ngong.

"Basi siji," akasema. "Naandika kwa neno lako."

Nikakata simu haraka, kabla hajabadilisha bei.